Aliyefunga Mkono wa Mama

Kila asubuhi Zuleha aliamka kabla baba yake hajarudi kutoka msikitini. Aliwasha jiko la mkaa, akabandika chai, kisha akafagia uwanja wa nyumba yao pale mtaa wa Sogea, Tunduma. Mwezi ule vumbi lilikuwa jingi. Barabarani malori yaliyosubiri kuvuka kwenda Zambia yalipanga foleni ndefu, na madereva walinawa nyuso zao kando ya matairi. Zuleha alikuwa darasa la sita, na hakuna aliyemsukuma kufanya kazi hizo. Alizizoea katika miezi ambayo mama yake hakuwepo.

Chai ilipochemka, sauti ya mama ilisikika kutoka chumbani.

"Tabita, mwanangu, njoo tufunge mkono."

Zuleha alisimama na ufagio wake. Alijua kwamba sauti hiyo ingekuja, kwa sababu ilikuja kila siku, na kila siku ilimchoma upya. Tabita hakuwa mtoto wa mama. Alikuwa binti wa mjomba Osea wa Ihanda, na mama alikuwa shangazi yake. Lakini yeye ndiye aliyeitwa mwanangu, yeye ndiye aliyeingia chumbani, na mlango ukafungwa nyuma yake.

Mama Zuleha, ambaye kwao Ihanda walimwita Sekela, alikuwa muuza vitenge sokoni. Mwaka uliotangulia aligundua uvimbe katika titi la kushoto. Madaktari walimpima wakasema ni saratani, akapelekwa Dar es Salaam. Huko alifanyiwa upasuaji, akatundikiwa dawa kali, kisha akapigwa mionzi. Baba, Mzee Abdulwahab, alikuwa fundi wa matairi ya malori na hakuweza kuacha kazi. Zuleha aliomba sana aende yeye kumuuguza mama, akaambiwa kuwa ana shule. Ndipo mjomba Osea alipomtoa Tabita, ambaye alikuwa amemaliza darasa la saba na yuko nyumbani.

Miezi yote hiyo Zuleha alimwomba Mungu jambo moja tu, mama arudi. Mungu akasikia. Mama akarudi amekonda, nywele zinaota upya, laini kama za mtoto mchanga. Majirani walikuja kushukuru, Waislamu kwa dua zao na Wakristo kwa nyimbo zao, na uwanja ukajaa watu mpaka barabarani.

Baada ya shukrani ndipo Zuleha alipoona kwamba mama aliyerudi si yule aliyeondoka. Zamani walioga pamoja wakisuguana migongo. Sasa mama alioga peke yake, na akihitaji msaada alimwita Tabita. Zamani Zuleha alilala kifuani kwa mama wakisikiliza redio. Sasa alipojaribu kumwegemea, mama alijikunja kidogo na kumwekea mto katikati. Kulikuwa pia na vicheko ambavyo Zuleha hakuvielewa. Mama na Tabita wakila wali, mmoja alitamka tu "mama wa kitanda cha dirishani," basi wote wawili walicheka mpaka machozi yakawatoka. Zuleha alipouliza huyo ni nani, mama alijibu kwamba ni mambo ya wodini, mtu angekuwepo ndipo angeelewa.

Mtu angekuwepo. Maneno hayo Zuleha aliyabeba mpaka shuleni.

Huko nako hakupata nafuu. Rafiki yake Yasmini, ambaye mama yake aliuza vitenge meza ya jirani sokoni, alikuwa na ulimi usiolala. "Wewe Zuleha, nyumbani kwenu siku hizi umekuwa mgeni?" alimwambia siku moja mbele ya wenzao. "Nimepita sokoni, mama yako anamtambulisha mwenzio kwa wateja, eti huyu Tabita ndiye mkono wangu. Sasa wewe ni nani, mguu?"

Wenzao walicheka. Zuleha naye alicheka ili asionekane ameumia. Jioni, baada ya swala, alianza kumwomba Mungu amrudishe Tabita kwao Ihanda. Katikati ya dua aliona aibu akanyamaza. Lakini kesho yake aliomba tena.

Tabita kweli alikuwa mkono. Kila asubuhi alimfunga mama bendeji ndefu kwenye mkono wa kushoto, kama alivyofundishwa hospitali, na kila jioni aliifungua, akampaka mafuta, akamsimamia wakati mama anatembeza vidole ukutani, juu kisha chini, ili bega lisikakamae. Mama alikatazwa kubeba kitu kizito kwa mkono huo. Sokoni, ambako zamani alitupia majora begani akitembea huku anaimba bei, sasa aliketi juu ya stuli, na Tabita ndiye aliyepanda rafuni, akashusha, akakunjua na kukunja. Mama alikuwa akiwatazama wauza vitenge wengine wakipita na mizigo yao mabegani, kisha akageuza uso.

Kulikuwa na kazi moja tu ambayo Tabita hakumshinda Zuleha, nayo ni kufunga robota. Wateja kutoka Zambia walinunua vitenge vingi kwa pamoja, na mizigo yao ilifungwa kwa kamba ili ipakiwe kwenye baiskeli na mabasi. Mama alikuwa amemfundisha Zuleha tangu akiwa mdogo. Robota hufungwa kuanzia juu, mdomoni. Pale juu unakaza kwa nguvu zako zote, unaweka goti, kisha unateremka na kamba ukizungusha, na chini unamalizia na kitanzi. Juu kukilegea, majora huchomoka njiani. Mama alizoea kumsifu mbele ya wateja akisema kwamba robota la Zuleha linafika Kasama, kule Zambia, halijalegea.

Siku mbili kabla ya Idi, mjomba Osea alipiga simu. Mdogo wake Tabita angepata kipaimara Jumapili, na nyumbani walimtaka dada mtu awepo. Tabita alisita, akasema mkono wa shangazi utafungwa na nani. Baba alisema aende, nesi wa zahanati angeombwa afike asubuhi. Zuleha alimsaidia Tabita kufunga begi lake haraka kuliko ilivyohitajika.

Asubuhi ya Jumamosi, siku ya mwisho ya soko kabla ya Idi, baba aliondoka mapema kwa sababu lori lilikuwa limepasuka matairi njiani kuelekea Vwawa. Mama aliketi kitandani akimsubiri nesi. Jua lilipanda, nesi hakufika. Wateja wa sikukuu hawasubiri, na mama alianza kutazama mlango kwa wasiwasi.

Zuleha alisimama mlangoni. "Mama, naweza kukufunga mimi."

"Unajua, mwanangu?"

"Najua."

"Tabita alikuonyesha?"

Tabita hakuwahi kumwonyesha. Mlango ulikuwa umefungwa siku zote. Lakini mama alikuwa amemwita mwanangu, na kwa miezi mingi Zuleha alikuwa akingoja kusimama hapo.

"Alinionyesha," alisema.

Mama alijitanda kanga vizuri kifuani, akamnyooshea mkono. Zuleha alichukua bendeji. Hakujua pa kuanzia, basi mikono yake ikaanza pale ilipozoea. Alianzia juu, karibu na kwapa, akakaza kwa nguvu zake zote. Akateremka akizungusha, akilegeza kidogo kidogo, mpaka kwenye kifundo cha mkono, akamalizia kwa kitanzi. Ilikaa vizuri, imenyooka kama mzigo wa kwenda Kasama. Mama alisema inabana kidogo juu. Zuleha alimjibu kwamba ndivyo ilivyo mwanzoni, itazoea. Mama alimtazama usoni, akaona furaha ambayo hakuwa ameiona tangu arudi, akauacha mkono ulivyo.

Walikwenda sokoni pamoja, na Zuleha alitembea upande wa kushoto wa mama, ule aliokuwa akitembea Tabita. Yasmini aliwaona. Zuleha alimsalimia kwa sauti kubwa.

Soko lilifurika. Wanawake wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, walipita wakiulizia bei kwa Kibemba, "Shinga, bamayo?" na mama alijibu kwa Kibemba na Kiswahili vikichanganyika. Zuleha alipanda na kushusha majora, lakini hakuwa na urefu wa Tabita, na wateja walikuwa wengi. Mama Yasmini, kutoka meza ya pili, alimtania mama kwamba siku hizi anauza kwa kukaa kama malkia. Mama alicheka. Kisha akainuka kwenye stuli, akachukua jora, akalitupia begani. Halafu jingine. Zuleha aliona, akajua kwamba Tabita angelikataza. Yeye hakukataza. Aliona fahari kwamba siku aliyofunga yeye mkono ndiyo siku mama aliyobeba.

Alasiri mama aliketi ghafla. Hakuwa akicheka tena. Aliuweka mkono wa kushoto mapajani, na Zuleha alipoutazama aliona vidole vimevimba, ngozi imevutika inang'aa, havikunjiki.

"Vinauma?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Haviumi. Sivisikii," alisema mama, na hapo ndipo Zuleha alipoogopa.

Mama Yasmini alifunga meza zote mbili bila kuulizwa, akamtuma mtu akamwite baba, akawasindikiza mpaka zahanati. Nesi Ketrina, yule aliyetarajiwa asubuhi, aliwapokea huku akieleza kwamba mzazi mmoja alimchelewesha tangu alfajiri. Alipoiona bendeji aliuvuta mkono karibu. Kitanzi kilikuwa kimekaza, akaikata kwa mkasi. Karibu na kwapa palikuwa na alama nyekundu kama mkanda, na sehemu moja ngozi imechubuka.

Baba alifika akiwa bado na grisi mikononi. Nesi aliwaeleza wote pole pole. Mama alipotolewa titi alitolewa pia matezi ya kwapani, kwa hiyo njia za maji ya mwili upande ule zimepungua. Bendeji huanzia vidoleni, inakaza chini na kulegea kadiri inavyopanda, ili iyasukume maji yarudi juu. Hii ilikuwa imefungwa kinyume. Iliyafungia maji kiganjani siku nzima, na kubeba mizigo kukaongeza. Pale palipochubuka vijidudu vingeweza kuingia, na kwa mkono kama huo jambo dogo hugeuka kubwa. Alimpa mama dawa, akaagiza mkono uinuliwe juu ya mito, na warudi kesho hata kama ni Idi.

"Nani aliyefunga?" aliuliza.

"Mtoto," mama alijibu. "Alifundishwa na dada yake."

Baba aligeuka. Alikuwa mtu mpole, lakini woga ulikuwa umempanda kichwani. Alisema kwamba kama Tabita amemfundisha mtoto mambo ya kuua, na yeye mwenyewe akaondoka, basi asirudi tena kukaa. Akija kuchukua nguo zake atapelekwa kwao Ihanda, na mtu mzima atatafutwa.

Zuleha alisikia kila neno. Dua yake ilikuwa inajibiwa mbele ya macho yake. Alisubiri furaha ije. Haikuja. Usiku ule alilala akiutazama mkono wa mama juu ya mito.

Siku ya Idi hakuna aliyekula pilau kwa hamu. Mchana, watu wakiwa bado wanapita na nguo mpya, Tabita aliingia uwanjani na kuku mzima chini ya kwapa, zawadi ya mjomba Osea kwa sikukuu. Alikuwa ametoroka sherehe ya mdogo wake mara tu ibada ilipokwisha. Alipouona mkono wa mama alimwachilia kuku, akapiga magoti mkekani.

"Shikamoo, shangazi. Vidole unavisikia? Hiki je? Na hiki?"

Hakuuliza nani alifanya. Aliminya kila kidole pole pole na kumtazama mama machoni, na mama akaitikia kwa kichwa kwamba anavisikia. Kuku akazunguka uwanjani, hakuna aliyemjali.

Baba alisafisha koo. "Tabita, kaa chini. Nina neno na wewe. Ulimfundishaje Zuleha kufunga mkono wa mama yake?"

Tabita alimtazama Zuleha. Zuleha alijua kwamba sasa atasema, na alikuwa na haki ya kusema. Lakini Tabita aliinamisha kichwa.

"Nisamehe, mjomba," alisema. "Nilipaswa kumfundisha vizuri."

Zuleha alihisi kama amemwagiwa maji ya baridi. Kwa siku zote hizo alikuwa akitafuta ubaya wa Tabita, na sasa msichana huyu alikuwa akichukua mzigo usio wake bila hata kuusukuma.

"Hakunifundisha," alisema Zuleha. Sauti haikutoka vizuri, akarudia. "Baba, Tabita hakunifundisha chochote. Nilidanganya. Nilifunga kama robota."

Kisha mama akauliza, si kwa ukali, "Kwa nini, Zuleha?"

"Kwa sababu unamwita yeye. Kila siku unamwita yeye. Mnafunga mlango, mnacheka, mimi nafagia nje. Nilitaka Tabita arudi kwao. Nilimwomba hata Mungu." Hapo akalia, na hakuweza kuendelea.

Tabita ndiye aliyeanza kusema. "Wewe unanionea wivu mimi?" aliuliza, kama mtu asiyeamini. "Shangazi akizinduka kule wodini alikuwa anaita nani? Zuleha. Mimi ndiye nimeshika ndoo anatapika, yeye anaita Zuleha, Zuleha amekula, Zuleha ameenda shule. Siku moja nikamjibu, shangazi, Zuleha hayupo, aliyepo ni Tabita mwenye ndoo. Nilikuchukia, mdogo wangu, na hata sura yako nilikuwa nimeanza kuisahau."

Baba alitaka kucheka akajizuia. Mama hakujizuia, akacheka, kisha akajifuta macho kwa kanga. Alimwambia Zuleha amsaidie kuinuka, wakaingia chumbani wawili tu. Huko aliiteremsha kanga upande wa kushoto. Zuleha aliona kovu refu mahali ambapo zamani alikuwa akilaza kichwa.

"Hili ndilo nililolificha," mama alisema. "Tabita aliliona siku ya kwanza, lilipokuwa baya zaidi, kwa hiyo kwake sikuwa na aibu. Kwako wewe nilitaka nibaki mama yako wa zamani. Nikafunga mlango. Sikujua kwamba wewe nje unahesabu mlango umefungwa mara ngapi."

Zuleha aliuliza kama linauma. Mama alisema siku za baridi tu. Zuleha aliweka kiganja chake pale, pole pole, na mama hakujikunja.

Waliporudi mkekani, baba alimwomba Tabita radhi kwa kumhukumu kabla ya kumuuliza. Tabita, ambaye hakuzoea kuombwa radhi na watu wazima, hakujua aangalie wapi. Mama aliwaketisha wote.

"Mimi nami nina la kusema," alisema. "Jana nilisikia mkono unakufa ganzi tangu asubuhi. Nilijua. Lakini nilikuwa namtazama Mama Yasmini na majora begani, na roho ikanikereketa. Niliwaonea wivu watu wenye mikono miwili. Nikataka niwe kama wao japo siku moja. Kwa hiyo msimlaumu mtoto peke yake. Nyumba hii wote tulikuwa tunaumwa ugonjwa mmoja, na haukuwa saratani."

Wiki hiyo mambo yalibadilika. Uvimbe wa mkono ulipungua, kwa neema ya Mungu, na jeraha halikuoza. Baba aliteremsha rafu za sokoni, majora yakakaa usawa wa kiuno, mama akawa anayavuta kwa mkono wa kulia akiwa palepale kwenye stuli. Tabita alimfundisha Zuleha kufunga, kuanzia vidoleni, na mara mbili alimfungulia kazi yote ili aanze upya. Zuleha alipoweza, kazi ya jioni, ya kufungua bendeji na kupaka mafuta, ikawa yake. Tabita akapata muda wa kwenda madarasa ya jioni kanisani, ambako watu waliokosa sekondari walisomeshwa. Alikuwa ameyatamani tangu arudi kutoka Dar es Salaam, ila hakuwa amemwambia mtu.

Jioni moja, kabla Tabita hajaondoka kwenda darasani, mama alimwita chumbani. "Tabita, mwanangu." Zuleha alikuwa anaosha vyombo. Alisikia lile jambo likimchoma tena mahali palepale, kama kwamba hakuna kilichotokea. Aliweka sufuria chini, akaenda akasimama mlangoni.

"Mama, umenijia tena."

Mama alielewa anasema nini. "Wivu?"

"Ndiyo."

"Umefanya vizuri kuja kusema," alisema mama. "Wivu ukija haupigi hodi, mwanangu, hata mimi hunijia sokoni kila siku. Dhambi ni kuupa kazi. Ukiupa kazi, wivu utaifanya kwa mikono yako, na atakayeumia ni yule unayempenda. Kwa hiyo ukija, useme kwa mtu na kwa Mungu, kabla haujakutuma. Tena usidanganye kwamba unajua usilolijua. Kusema sijui hakumpotezei mtu mama yake."

Kisha akasogea kidogo kwenye mkeka wa chumbani, na Tabita, aliyekuwa ameshaketi kando yake, akasogea upande wa pili.

"Haya, kaa hapa katikati," mama alisema. "Shika mafuta."